Mwanamke wa Kwenye Sidii ya Gaudence

Sidii ile ya muziki aliiacha Gaudence, dereva wa malori aliyekuwa anaishi na shangazi yangu Rozalia hapa Kirushya. Aliiacha kwenye deki, akaenda Kigali na mzigo, mwaka wa tatu huu hata simu hapigi. Ni jazi, ila usifikirie ile ya magitaa ya kucheza harusini. Hii ni piano, besi, na mwanamke anaimba Kiingereza polepole kama mtu aliyelia akachoka. Nyimbo zote hivyohivyo.

Mimi nimemaliza form four, nakaa kwa shangazi, sina kazi. Siku moja anamenya ndizi, sidii inaimba, akaniuliza, "We Ildefonce, si umesoma? Huyu anasema nini?"

Nilikuwa naelewa vizuri tu. Anasema mwanaume kaenda, harudi, na yeye mjinga bado anamsubiri. Nikamwangalia shangazi, kisu kimesimama. Nikasema, "Anasema, nisubiri mpenzi, ni mbali lakini narudi."

Alicheka huyo! Kuanzia hapo sidii asubuhi, sidii jioni.

Sasa jana kaja Minani wa Kanazi. Kafiwa na mke, mtu mzuri, jiko letu alituezekea yeye bila kuombwa, na mwezi uliopita alimposa shangazi. Na shangazi hakufunga ndoa na Gaudence, kwa hiyo hata padri hana neno. Kaja na kreti ya soda, kavaa koti, jasho linamtoka.

"Rozalia, nimefuata jibu langu."

"Jibu si hilo linaimba?" Shangazi akaongeza sauti ya deki. "Ildefonce, mwambie mgeni huyo mwanamke anasemaje."

Jamani. Wote wawili wananitazama.

"Anasema... anarudi."

"Umesikia? Gaudence aliniachia ujumbe."

Minani akamaliza soda yake, akashukuru, akatoka. Nikamkimbilia kwenye migomba.

"Baba, siyo hivyo anavyoimba. Nilimdanganya shangazi."

Afadhali angenizaba kofi. Kanitazama tu. "Unaniambia mimi ili iweje? Mimi nishakataliwa. Kamwambie mwenyewe."

Nikarudi. Shangazi kanipakulia, minofu yote kaniwekea mimi. Ana raha kweli.

"Kula, mwanangu. Na huu wimbo mwingine, anasemaje?"

Nikarudisha tonge sahanini. "Shangazi, anasema harudi."

"Huu?"

"Na ule. Zote."

Hakunitukana. Akazima deki, akakaa kwenye kigoda, akavuta khanga mabegani.

"Minani kafika wapi?"

"Atakuwa kapata bodaboda. Nimfuate?"

"Ukamwambie nini? Kwamba wimbo umebadilika?"

Akanisogezea sahani, nami minofu ile siiwezi, na kuirudisha siwezi.