Buick Isiyoonja Vumbi

Pale Saline, Nebraska, Emil Vacek alijulikana kwa vitu viwili: gari zuri kuliko yote na mke mvumilivu kuliko wote. Kati ya hivyo viwili, kilichopanguswa kila siku ni gari.

Ilikuwa Buick ya mwaka 1955, nyekundu, ya paa la turubai linalokunjwa nyuma. Ndiyo aliyomchumbia nayo Albina, au Bina kama alivyomwita. Enzi hizo kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu kama benchi, na msichana aliyependa hakukaa mlangoni. Alisogea katikati, bega kwa bega na dereva, mji mzima uone na wenye wivu wajinyonge. Bina alikaa hapo kila Jumamosi mpaka ukumbi wa dansi wa njia panda. Walicheza polka mpaka viatu vikawabana, kisha wakarudi nyumbani paa likiwa wazi. Baadaye wakaja watoto, na mahindi, na ng'ombe, na Buick ikaachwa ghalani kuku watagie ndani.

Emil alipostaafu kulima ndipo alipoikumbuka.

"Nikiimaliza, Bina, nakupeleka njia panda. Paa wazi, kama zamani."

Bina akaamini, mtu mzima yule. Miaka ikapita Emil akibadilisha zulia, ngozi, usukani, taa, na kila parafujo ilitakiwa iwe ileile ya kiwandani, la sivyo kazi inasimama mpaka ipatikane. Ilipokwisha, ikawa nzuri mno kutembea. Changarawe ingeichuna rangi, mvua ingeilowesha, nzi wangeifia kiooni. Ilikwenda kwenye maonyesho ikiwa imebebwa juu ya trela. Emil aliifuta kwa nepi za pamba za wajukuu, na Bina alikaa kando juani kwenye kiti cha kukunja, marufuku kusogea na kolache yake, andazi la kujazwa plamu, kwa sababu plamu hudondoka. Vikombe vya ushindi vikajaa kabatini. Safari ya njia panda ikawa ya mwakani, na mwakani tena. Kisha Emil akaanguka ghalani, nepi mkononi, asiamke.

Sasa Buick ilikuwa inauzwa. Mnunuzi, Bwana Purdy, alikuja kutoka Omaha na trela iliyofungwa pande zote. Akapiga magoti, akapitisha kioo cha mkononi chini ya gari, akainuka macho yamemtoka.

"Bi Vacek, hata chini halina doa! Mumeo alikuwa bingwa."

"Alikuwa mkaidi."

"Heri mkaidi. Kwangu litakaa chumba chenye kiyoyozi. Halitagusa barabara tena, nakuhakikishia."

Aliyasema hayo kumfariji mjane. Bina akaitazama ile trela.

"Basi kabla halijafungwa kifungo cha maisha, nataka nilitembeze. Mpaka njia panda na kurudi."

"Kwenye changarawe? Tafadhali, Bi Vacek! Jiwe moja tu likiruka..."

"Hujalinunua bado. Jiwe likiruka, limerukia gari langu."

"Nitapunguza bei, shauri yako."

"Punguza."

Akakunja paa, akaingia nyuma ya usukani. Buick za miaka ile haziwaki mpaka ukanyage pedali ya mafuta, na mguu wa Bina haukufika. Kiti kilikuwa nyuma sana. Emil alikuwa na miguu mirefu. Magoti yake hayakuwahi kuenea chini ya meza yoyote. Bina akapeleka mkono kwenye kishikio cha kusogezea kiti, nao ukaganda hapohapo.

Ngozi ilikuwa mpya. Usukani ulikuwa mpya. Hata ile harufu yake ya tumbaku, Emil mwenyewe aliing'oa pamoja na zulia la zamani. Katika gari zima, kilichobaki cha Emil ni ile nafasi tu, kati ya kiti na pedali.

Akaondoa mkono. "Bwana Purdy, niletee ule mto kwenye kiti cha kukunja."

"Si uvute kiti tu? Kishikio kipo kushoto, hapo chini..."

"Najua kilipo. Niletee mto."

Akauweka mto mgongoni, akakaa ukingoni kabisa, ncha ya kiatu ikafika. Injini ikawaka. Nje ya geti upepo ukavuruga nywele alizotengeneza kwa ajili ya mgeni, vumbi likatimka nyuma, na mahindi yakapita pande zote mbili. Ukumbi wa dansi siku hizi ni stoo ya mbolea. Aliuzunguka, akarudi. Safari nzima haikuchukua hata muda wa kuchemsha kahawa, na hicho ndicho kilichomliza.

"Emil, mjinga wee!" alipaza sauti, machozi yakipeperuka kuelekea masikioni. "Kumbe ilikuwa hapa tu. Hapa tu!"

Bwana Purdy alikuwa getini ameshika kiuno. Alipitisha kidole kwenye boneti, akakitazama kama aliyeona damu, akataja bei mpya. Bina akaikubali bila kuisikiliza vizuri. Walipokwisha kutia saini, mnunuzi akaingia garini ili alipakie kwenye trela. Alikuwa mfupi kuliko hata Bina. Akanyoosha mguu, akaguna, mkono wake ukashuka kushoto.

"Ngoja!" Bina akasema.

"Nini tena?"

"Shuka kidogo. Kidogo tu."

Pengine mnunuzi aliuona uso wa Bina, kwa sababu alishuka bila kubisha, akaenda kujifanya anakagua minyororo ya trela. Bina akaingia kwa mlango wa abiria, akateleza mpaka katikati, mahali pake. Kushoto kwake palikuwa patupu, na chini kulikuwa na nafasi tele ya miguu mirefu. Akaegemea upande ule kama zamani, bega likakosa pa kutua.

"Nimekungoja sana, mzee," akasema. "Sana."

Aliposhuka hakusimama karibu. Alikwenda mpaka mlango wa jikoni, akageuza mgongo. Hata huko alikisikia kiti kikivutwa mbele, klak, kisha injini ikawaka.