Pikapu Aliyoichagua Wepukhulu

Siku Wepukhulu alipoitwa mjini kumsaidia Murunga kuchagua gari la familia, alioga mara mbili na kuvaa koti alilozikia babake. Koti jingine hakuwa nalo, na jambo lenyewe lilistahili koti.

Alikuwa dereva na fundi wa shamba kule Kiplombe tangu enzi za mzungu. Babake alimtangulia hapo, akakamua ng'ombe wa mzungu miaka thelathini, akafa, akazikwa nyuma ya kibanda chao. Bendera ilipobadilika mzungu alianza kuuza kitu kimoja kimoja, na mwaka wa sitini na saba akaliuza shamba lenyewe kwa Murunga, mwenye duka la blanketi na kinu cha posho mjini Eldoret. Vibarua wengine walifunga virago mapema. Wepukhulu aliwacheka. Murunga alikuwa Mbukusu kama yeye, tena walitahiriwa mwaka mmoja kule Kimilili, na kwao watu waliopashwa tohara mwaka mmoja ni zaidi ya ndugu. Mnaweza kutukanana mbele ya wake zenu na asikasirike mtu. Siku ya kwanza Murunga alipokanyaga shamba kama mwenyewe, alimshika Wepukhulu bega mbele ya watu wote akasema, huyu ni rika yangu, nitamkatia ekari mbili, hapa hapa penye nyumba yake na kaburi la mzee, mavuno yakiisha.

Mavuno yaliisha, yakaja mengine. Wepukhulu alimkumbusha mara moja kwa mzaha, akajibiwa kwa mzaha. Jambo moja tu lilikuwa limebadilika: Murunga alikuwa akimwita rika, naye alikuwa akimwita Murunga Mzee. Wa kisu kimoja, mmoja tayari ni Mzee! Nabwire, mkewe Wepukhulu, aliliona hilo mapema. Kila alipopalilia mahindi nyuma ya nyumba alimwuliza mumewe kama anapalilia yake au ya wenyewe. Wepukhulu alimjibu kwamba mambo ya rika mwanamke hayajui.

Lakini usiku wa mtu huujua mwenyewe. Ekari zile mbili zilikuwa zimemkaa Wepukhulu rohoni kama mfupa wa samaki kooni, na njiani kwenda mjini alikuwa akizifikiria hizo, si gari.

Yadi ilikuwa ya Mhindi mmoja karibu na stesheni ya reli. Magari yaliyofaa yalikuwa matatu. Kulikuwa na gari dogo jeupe la kuendea harusi. Kulikuwa na lingine refu lenye viti vya safu tatu, na Nanzala, mkewe Murunga, alilipenda hata kabla ya kufunguliwa mlango, kwa sababu alikuwa na watoto sita na wote walienea ndani. La tatu lilikuwa pikapu kubwa ya Kimarekani, rangi ya kijani, pana kama zizi, mbele watu watatu na nyuma mizigo.

Murunga hakujua gari. Alijua blanketi. Alizunguka pale mikono nyuma akipiga magurudumu mateke, kama alivyoona wengine wakifanya, kisha akamgeukia fundi wake.

Hapo ndipo Wepukhulu alipofanya hesabu ambayo hakuna aliyemtuma kuifanya. Gari jeupe, Murunga angejifunza kuliendesha kwa wiki mbili. Lile refu, hata Nanzala angeweza. Lakini pikapu ile ilikuwa na klachi ngumu na gia zilizotaka kubembelezwa, kila ukishuka gia ukanyage klachi mara mbili, la sivyo inalia mpaka jirani wanatoka nje. Pikapu ile ilitaka dereva. Na mwenye kumhitaji dereva hamfukuzi, na dereva hawezi kulala mbali na gari. Maadamu pikapu inapumua, alijiambia, mimi niko Kiplombe.

Basi akaanza kusema. Alilala chini ya lile gari refu, akatoka akitikisa kichwa, akasema tumbo lake liko chini mno kwa barabara za shamba, litaachwa matopeni mvua ya kwanza. Huo ulikuwa uongo, nalo koti la mazishi likapata mafuta kwa ajili ya uongo huo. Akamwambia Murunga kwamba mkulima mkubwa hujulikana kwa pikapu, kwamba pikapu ile itabeba maziwa asubuhi na familia Jumapili.

"Na mvua ikinyesha, watoto wangu watakaa wapi?" Nanzala aliuliza.

"Tutaweka turubai, Mama," Wepukhulu akasema. "Hata hawatajua kuna mvua."

Walirudi Kiplombe na pikapu.

Miezi mitano iliyofuata Wepukhulu aliishi kama bwana harusi. Aliiosha pikapu kabla ya kuosha uso. Jumapili aliipeleka familia ya Murunga kanisani, Mzee na mkewe mbele pamoja naye, watoto nyuma juu ya magunia matupu. Alipopita na usukani ule, hata Nabwire, asiyesifu kitu, alisimama mlangoni kutazama. Wepukhulu alidhani amewashinda wote akili, na pengine kwa miezi mitano alikuwa amewashinda.

Turubai lilivuja. Baridi ya huku kwetu mnaijua, na mvua ya Julai haiombi ruhusa. Watoto walishuka kanisani wakitetemeka, wakatokwa na makamasi, na mdogo wao aliyeitwa Esther akapata kichomi, akalazwa hospitalini siku kumi na moja. Alipona, lakini hakuwa mtoto yule tena. Kila akipanda ngazi tatu alisimama apumue. Wepukhulu alimwendea Nanzala na kuku kumpa pole. Nanzala alimpokea kuku, akamweka chini.

"Nililala chini ya lile gari baadaye," alimwambia. "Nilirudi yadini nikalala chini yake na nguo yangu ya kanisa. Tumbo lake liko juu kuliko la pikapu yako. Watoto wangu wakohoe ili wewe uwe dereva?"

Ni kweli Wepukhulu alikuwa ameuza mapafu ya mtoto wa watu kwa ekari mbili ambazo hata hakuwa amezipata, na sisi tunaomwonea huruma tusilisahau hilo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nanzala hakupiga kelele. Alimwambia mumewe kitu kimoja tu, kwamba mwanaume mwenye gari asiyeweza kuliendesha ni abiria kwake mwenyewe. Alijua pa kumgusa. Wiki hiyo hiyo Murunga akamwambia Wepukhulu amfundishe.

Mwanzoni Wepukhulu alimfundisha vibaya kwa makusudi. Ile siri ya kukanyaga klachi mara mbili hakumwambia. Alikaa kando yake, mikono mapajani, akamwacha Murunga aisage gia mpaka chuma kilie kwenye malisho yote ya Kiplombe. Ng'ombe walikimbia. Murunga alitoka jasho, akasema gari hili ni la mashetani, na Wepukhulu akakubali, ndiyo Mzee, lina kichwa kigumu, waliozaliwa nalo tu ndio wanaoliweza.

Angeendelea hivyo mwezi mmoja zaidi, Murunga angekata tamaa. Lakini Wepukhulu alikuwa na ugonjwa wa mafundi. Kila gia ilipolia yeye aliumwa meno. Usiku alisikia chuma kile kikisagika ndani ya usingizi wake. Siku ya tisa Murunga alipoisaga gia ya pili mara nne mfululizo, Wepukhulu alijikuta ameushika mguu wa Mzee kwa mkono wake mwenyewe, akiukandamiza kwenye klachi, akisema sasa, achia, tena, sasa. Gia ikaingia bila sauti. Murunga akacheka kama mtoto. Na Wepukhulu, Mungu amsamehe, akacheka pia.

Kuanzia siku hiyo alimfundisha vizuri. Aliporudi nyumbani Nabwire alimwuliza kwa nini, naye akasema hawezi kukaa akisikiliza gari likiuawa.

Murunga alipita mtihani wa polisi mara ya kwanza. Alichinja mbuzi. Mbele ya wageni alimsifu mwalimu wake na kumpa blanketi jipya kutoka dukani, lenye mistari miekundu. Watu walipiga makofi. Ilikuwa Jumamosi.

Jumatatu alimwita chini ya banda la pikapu. Alisema wakili wake amemshauri asimwache shambani mtu yeyote mwenye kaburi, kwa kuwa kesho mwenye kaburi atasema ana haki. Alisema Jumatano ni siku nzuri, na kwamba yeye mwenyewe atawapeleka Kimilili kwa ami zao, bila nauli, kwa ajili ya rika.

Wepukhulu alisema alizaliwa Kiplombe. Alisema Kimilili alikaa wiki tatu tu maishani mwake, zile za jando. Murunga alikuwa akifuta kioo cha pikapu kwa kiganja.

"Zile ekari mbili, Mzee," Wepukhulu akasema mwishowe. "Ulisema mbele ya watu."

"Kusema nilisema. Umeona mahali nimetia sahihi?"

Wanasema ahadi ni deni. Murunga alikuwa mfanyabiashara, na aliyajua madeni kuliko wanaosema. Wepukhulu aliuliza habari ya kaburi. Murunga akamhakikishia kwamba hatalilima, angalau si mwaka huu.

Jumatano walipakia. Kitanda, masufuria, debe la mahindi, mbuzi wawili, kuku miguu imefungwa, watoto watatu, Nabwire juu ya kila kitu. Pikapu ilivimeza vyote na nafasi ikabaki. Nanzala alikaa mbele na mumewe. Alisema anataka kupunga hewa. Wepukhulu alipanda nyuma. Nabwire hakulia. Alikuwa ameenda kaburini alfajiri, akarudi na matope magotini, na hakuyafuta.

Mvua ikaanza baada ya mji wa Turbo. Turubai lilikuwepo, likavuja kama kawaida yake. Watoto walijikunyata chini ya blanketi lenye mistari. Wepukhulu hakuwatazama. Alikuwa akisikiliza gia. Alisikia ya tatu ikiingia vizuri, ya nne vizuri, na kila mara mguu wake ulikanyaga hewa.

Waliuvuka mto wa Kipkarren, na kwenye mpando wa ng'ambo Murunga alichelewa. Alitaka kushuka gia ya pili, akaisaga, akaikosa, gari likazima katikati ya mlima na kuanza kurudi nyuma taratibu kuelekea mtaroni. Wepukhulu alikuwa ameshuka kabla ya yeyote kupiga kelele. Alitia jiwe chini ya gurudumu, jingine chini ya lingine. Murunga alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Liache hapa," Nabwire alisema kutoka juu, kwa sauti ya chini. "Tushushe watoto, liende zake mtoni."

Wepukhulu alimsikia. Nanzala pia alimsikia, akashika mlango. Lakini Wepukhulu alikwisha kuufungua mlango wa dereva, na Murunga akasogea bila kuambiwa. Aliliwasha, akalishika kwa klachi, akalitoa pale kama anayeinua mgonjwa. Hakuna aliyemwambia aondoke kwenye usukani, basi akaendesha. Ndivyo alivyojifukuza mwenyewe, kwa mkono wake, mpaka Kimilili, akikwepa mashimo ili mbuzi wasiumie. Murunga alisinzia njiani.

Ami yao alikuwa mzee asiyewatambua. Aliwaonyesha pembe ya shamba lake, chini karibu na kinamasi, akasema wanaweza kulala hapo kwa sasa, mengine wataongea wanawe wakirudi. Walishusha vitu kwenye nyasi mbichi. Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu.

Murunga alirudi kwenye kiti cha dereva. Aliliwasha gari, halafu akateremsha kioo.

"Rika," aliita. "Ule mlima wa Kipkarren. Sasa nitaushuka, tena na gari tupu. Nishuke na gia gani?"

Nabwire alisimama na sufuria mkononi. Nanzala alikuwa akitazama mbele. Huko Kiplombe kulikuwa tambarare. Wepukhulu hakuwa amemfundisha Murunga mteremko, na alijua hivyo. Alijua pikapu tupu ikiachwa na gia ya tatu kwenye matope yale, na mwendeshaji mgeni akaikanyagia breki, itageuka ubavu na kuutafuta mto. Hakuhitaji kudanganya. Angenyamaza tu, au angesema hajui.

"Ya pili," Wepukhulu alisema. "Uiingize juu kabisa, kabla hujaanza kushuka. Na breki usiiguse, Mzee. Acha injini ikushike."

Murunga alirudia maneno yale kama mtoto wa shule, ya pili, juu kabisa, breki usiguse. Akamshukuru. Akaenda.

Wepukhulu alisimama barabarani kichwa kimeinama upande, akisikiliza. Penye kona, mahali barabara inapoanza kushuka kwenda sokoni, alisikia klachi, kimya kifupi, klachi tena, na gia ya pili ikaingia bila sauti. Uso wake ulilegea kwa furaha, hakuwahi kuizuia. Alipogeuka alikuta mkewe anamtazama.

"Umemfundisha vizuri," Nabwire alisema, akainama kutafuta mawe matatu ya mafiga.