Barabara ya Habaswein Uani kwa Kaaha

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1967, Gelle alitoka asubuhi kwenda kutazama shule mbili za udereva wa malori zilizokuwa Garissa. Alivaa shati la kuazima na makubadhi yaliyokatwa kwenye gurudumu kuukuu. Kichwani alikuwa na maswali manne. Shule ina lori? Anayefundisha ameendesha wapi? Mwanafunzi anashika usukani kwa muda gani? Na waliomaliza, sasa wako wapi?

Yeye mwenyewe hakuwahi kuendesha chochote. Alikuwa mtu wa ngamia. Miezi kumi na minne kabla ya siku hiyo alikuja Garissa na ngamia wanne kuchukua sukari, na alipotaka kurudi nyumbani Habaswein aliambiwa kwamba barabara imefungwa kwa sababu ya vita. Ngamia wake walitwaliwa na serikali kama adhabu ya kosa ambalo watu wengine wa ukoo wake walisemekana kulitenda. Huko Habaswein, mkewe Arbia na binti yao Muslimo walihamishiwa, pamoja na majirani, katika kijiji kilichozungushiwa ua wa miiba, chenye lango moja na askari langoni. Waliokuwa bado wakienda na kurudi ni madereva wa msafara, watu wenye leseni. Kwa hiyo Gelle alitaka leseni.

Shule ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu Elkanah, aliyetoka Maragoli. Ilikuwa na lori la kijani lililooshwa hadi kwenye tairi, na ubao mweusi wenye mchoro wa gia. Kwa ajili ya hali ya hatari, masomo yalifanyiwa ndani ya uwanja wa mpira peke yake. Lori la wanafunzi lilizunguka uwanja kwa upande wa kushoto tangu saa mbili hadi saa sita, na majani yalikuwa yamekwisha isipokuwa katikati.

Elkanah hakuficha kitu. Alieleza kwamba wanafunzi wake wanakata kushoto kuliko madereva wote wa Kenya. Kulia watajifunza wakishapata kazi.

"Na barabara ya Habaswein, mwalimu," Gelle akauliza, "hii gari yako inajua?"

"Haijaiona, bwana. Hata mimi sijaiona. Nilikuja na ndege."

Alimmiminia chai, akafikiri, kisha akasema kwamba kama shida yake ni barabara, aende kwa Mama Kaaha nyuma ya soko. Lori lake ni bovu kuliko hili, lakini barabara anayo.

Kaaha alikuwa mjane wa makamo. Mumewe Jama alikufa mwaka uliotangulia, akiendesha lori la mtu mwingine, alipokanyaga bomu lililofukiwa njiani. Lori lake mwenyewe lilibaki uani, kati ya jiko na zizi la mbuzi. Kando ya ukuta kulikuwa na mkeka uliokunjwa, mnene kama pipa, umefungwa kwa kamba za ngozi.

Gelle aliuliza maswali yake kwa mpango. Lori lipo, akajibiwa. Anayefundisha ni Kaaha mwenyewe, aliyeendesha njia za kaskazini pamoja na Jama. Mwanafunzi anashika usukani mpaka alasiri. Waliomaliza ni wanne: watatu wako kwenye msafara na mmoja ni marehemu. Kisha akauliza ule mkeka ni wa nini.

"Hiyo ndiyo barabara ya Habaswein," Kaaha akasema.

"Yote, eddo?"

"Yote, ila kipande cha mbele ya Mado Gashi. Kilichukuliwa na mvua. Nakisuka pole pole."

Gelle aliusogelea, akaunusa. Ulinuka vumbi la nyumbani, lile jekundu, na mkojo wa ngamia. Aliuliza mtu anakunjaje barabara. Alimwita eddo, kama mtu anavyomwita shangazi yake, kwa hiyo Kaaha alimjibu kwa upole.

"Nyumba yako ya Habaswein, nani aliyekuwa akiibomoa mkihama?"

"Arbia."

"Anakunja mikeka, anafunga fito, anapakia nyumba nzima juu ya ngamia kabla hujamaliza kunywa chai. Sasa, mwanamke anayekunja nyumba atashindwa na barabara?"

Gelle aliona hoja hiyo haina kasoro. Akaichagua shule ya Kaaha. Jioni ile alirudi kwa Elkanah kumweleza, maana alikunywa chai yake, na Elkanah akamtakia heri na kumshauri asisahau kushoto.

Masomo yalikwenda hivi. Asubuhi Kaaha aliifungua barabara kuanzia mlangoni mwa jiko. Kwa mtu aliyesimama kando ilikuwa mkeka wa hatua kumi na mbili, unaoishia zizini. Kwa aliyeingia juu yake ilikuwa na urefu wake wote, na miti ya migunga pande mbili, na mabonde, na jua. Alasiri, kabla ya kafyu, Kaaha aliikung'uta na kuanza kuikunja kutoka upande wa Habaswein, na kila kilichokuwa juu yake kilirudi uani: lori, mwanafunzi, pengine kobe.

Siku ya kwanza Gelle aliendesha hadi saa sita, akasimama penye kivuli na kuteremsha magunia yote arobaini ya mchanga yaliyokuwa mgongoni mwa lori. Mnyama haachwi amesimama na mzigo mgongoni mchana. Kaaha alipoikunja barabara alimkuta ameketi kando ya magunia, akilisubiri lori lipumzike. Hakumcheka. Alimwambia tu kwamba lori halichoki, anayechoka ni dereva, na kesho ashuke yeye, magunia yabaki.

Alijifunza haraka. Kupanga mzigo ulingane pande zote alikujua tangu utotoni. Kusoma ardhi pia: mahali ambapo hata kinyesi cha mbuzi hakipo kwa siku nyingi, wachungaji wamepaogopa, na dereva naye apaogope. Kabla ya Mado Gashi palikuwa na sehemu laini ambapo gurudumu lilizama kidogo, kama mguu kwenye godoro. Alipouliza, Kaaha akasema ndipo alipofia Jama. Palichanika, akaweka kiraka na kukishona kwa kamba ya ngozi.

"Ukifika pale, pita taratibu," alisema. "Mshono wenyewe si mzuri."

Juma la tano kile kipande kilichochukuliwa na mvua kilikuwa kimekwisha kusukwa, na Gelle akafika Habaswein saa nane mchana. Alisimamisha lori nje ya ua wa miiba. Arbia alikuja upande wa pili, na mtoto nyuma ya gauni lake. Walitazamana kupitia miiba.

"Wewe ndiye umeendesha?" Arbia akauliza.

"Ni mimi."

"Hata punda alikuwa akikushinda."

"Punda hana breki," Gelle akasema.

Muslimo alikuwa hajafika miaka mitatu Gelle alipoondoka. Sasa alikuwa na maneno. Alimuuliza mama yake yule mtu ni nani, akajibiwa, kisha akauliza kama lori linakunywa maziwa.

Gelle alikwenda langoni. Alimweleza askari kwamba barabara hii inakunjwa alasiri, na mtu yeyote aliye juu yake anafika Garissa. Mkewe na mtoto wakiruhusiwa kutoka na kupanda lori, atakuwa nao nyumbani kabla ya kafyu. Askari alimsikiliza, akafungua kitabu. Alisema dereva mwenye leseni anaweza kuchukua abiria kwa orodha. Mwanafunzi hawezi. Akaandika namba ya lori, saa na jina.

Gelle aliporudi kwenye ua, Arbia alikuwa amempima Muslimo kwa kamba ya katani, toka kisigino hadi utosini, na kuikata. Aliirusha juu ya miiba.

"Beba hii. Pata leseni, uje uone kama imemtosha."

Muda si muda barabara ikaanza kutikisika. Kaaha alikuwa anaikunja.

Mtihani ulifanyika wiki iliyofuata. Mtahini alimwambia akate kulia, na Gelle akakata kulia. Akamwonyesha lori lililopakiwa vibaya, akamuuliza litaangukia upande gani. Gelle alimwonyesha upande, na pia gunia lenye kosa. Alipewa leseni yenye muhuri siku hiyo hiyo, akakimbia nayo hadi nyuma ya soko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aache kuchunga ndama.

Uani alikuta kizuizi. Kilikuwa gogo lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, kimewekwa kati ya jiko na zizi, juu ya vigingi viwili. Nyuma yake alikaa askari mmoja kwenye kiti cha Kaaha, anaitwa Musyoka.

Ilikuwa hivi. Kitabu cha lango la Habaswein kilikuwa na lori lililotoka Garissa, na kitabu cha kizuizi cha Garissa hakikuwa nalo. Vitabu vililinganishwa. Ofisi ikapata kwamba kuna barabara isiyokuwa na kizuizi, na kosa hilo likarekebishwa.

"Wariya," Musyoka akasema, kama askari walivyomwita kila Msomali, "kibali."

Gelle akampa leseni. Musyoka aliisoma mbele na nyuma. Alisema ni nzuri, ya kweli kabisa. Inaonyesha kwamba anajua kuendesha. Kwenda ni kitu kingine, hicho kinataka kibali.

Ofisini Gelle aliambiwa kwamba kibali cha barabara ya Habaswein hapewi mtu mwenye familia katika kijiji cha Habaswein, kwa sababu mtu huyo anaweza kwenda kuwaona. Aliuliza wanaopewa ni akina nani. Aliambiwa ni wale wasio na sababu ya kwenda.

Alhamisi iliyofuata, maana sasa ofisi iliruhusu Alhamisi tu, Kaaha aliifungua barabara kama kawaida, mkeka ukapita chini ya gogo. Wanafunzi wengine wawili, watu wa Mwingi, walionyesha vibali vyao na kupita na lori. Gelle alisimama upande wa jikoni. Alasiri Kaaha aliikung'uta barabara, na pamoja na miiba na vumbi ikaanguka kamba mpya ya katani. Aliyeirusha juu ya ua alikuwa Arbia. Gelle aliilinganisha na ile ya kwanza. Zilikuwa sawa, lakini alifurahi.

Baada ya hapo kamba moja iliangukia uani kila mwezi. Musyoka aliwaruhusu wazitundike kwenye gogo, kwa kuwa hakuna amri iliyokataza. Aliacha kusema wariya, akaanza kusema Gelle. Kila Alhamisi aliisoma leseni, akaisifu, akauliza kibali, akairudisha. Siku moja alimuuliza Kaaha kama anaweza kumkunjia barabara ya Kitui, kwa mama yake. Kaaha alisema anakunja njia alizozikanyaga tu, na Kitui hakuwahi kufika. Musyoka alisema anaelewa.

Kamba ya kwanza ilikuwa fupi kuliko kimo cha kizuizi kwa vidole viwili. Ya mwezi wa saba, kwa kidole kimoja. Ya mwezi wa kumi Gelle aliishika ncha moja juu ya gogo, na ncha nyingine ikagusa ardhi.

Musyoka aliinama akahakikisha. Kisha aliketi, akaandika barua ndefu kwa ofisi, kwa mwandiko wake mzuri wa shule. Alieleza kwamba mtoto sasa amekuwa sawa na kizuizi, kwamba baba yake ana leseni halali, kwamba kila Alhamisi lori linarudi na nafasi, na akaomba kwa heshima aelekezwe la kufanya. Gelle alipiga muhuri wa dole gumba chini yake. Kaaha naye akapiga.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Lilisema kizuizi kipandishwe shibiri moja.

Musyoka alileta nyundo na vigingi virefu zaidi. Gelle alimshikia gogo ili lisiangukie mkeka. Walipomaliza, Kaaha alizitundika kamba tena moja moja kwa mpango wa miezi, akaacha nafasi upande wa kulia, kisha akaenda kuifungua barabara.