Kiti cha Dirishani

Safari ya kwanza fundi cherehani yule hakuiomba. Kaka mtu ndiye aliyeitisha kikao cha familia, akasema dada yao mkubwa anapelekwa nje kupasuliwa moyo, je, nani atamsindikiza? Loo! Kila mtu akapata udhuru papo hapo. Huyu ana mtoto mchanga, yule bosi wake mkali, mwingine kiuno kikaanza kumuuma akiwa amekaa pale pale kitini. Macho yote yakamgeukia fundi, kwa kuwa hana mume, hana mtoto, na kazi yake ni ya kukaa nyumbani, utadhani sare za shule hujishona zenyewe.

"Mimi hata pasi ya kusafiria sina," alisema.

"Utapata," kaka akajibu, na kikao kikaishia hapo.

Ndani ya ndege dada alitaka kiti cha kando ya njia ili awe karibu na choo, kwa hiyo fundi akaangukia cha dirishani. Alikuwa na hofu ya kutosha watu wawili. Lakini ndege ilipokimbia, ikatetemeka, ikanyanyua pua, na mabati ya mtaa wao yakaanza kupungua chini hadi yakawa madogo kama vipande vya chaki, kitu kikamruka kifuani. Dada anakoroma kwa dawa, yeye anacheka peke yake, mdomo ameuziba kwa kiganja. Chumba chake cha kushonea kina dirisha moja tu, nalo linatazamana na ukuta wa jirani. Ujana wake wote aliumaliza akitazama ukuta ule.

Huko walikofika kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Asubuhi alimwogesha dada, akamlisha, akamkanda miguu. Saa za kutazama wagonjwa zikiisha, manesi wanamtoa nje. Sasa angefanya nini? Akatembea. Akapanda treni za mtaani asizojua ziendako, akashuka popote, akaagiza chai kwa kunyoosha kidole. Kila alipopotea alisikia raha ya mtoto aliyetoroka shule. Siku moja akakuta duka linalouza vifungo tu. Vifungo! Ukuta mzima wa visanduku, na mbele ya kila kisanduku kimebandikwa kifungo kimoja ili ujue kilichomo. Alizubaa humo hadi mwenye duka akamletea kiti.

Dada alipona. Walipokuja nyumbani watu wakaja kumpa pole mgonjwa, wakakuta mgonjwa kanyamaza na msindikizaji ndiye anayesimulia, mikono juu, macho yanawaka. Hapo ndipo walipoanza kumwita Balozi, na jina likamganda.

Tuseme ukweli, bila kupakana mafuta. Zile zilikuwa wiki tamu kuliko zote maishani mwake, na ni wiki zile zile ambazo dada yake alilala na mshono kifuani. Alilijua hilo. Alijichukia kwa hilo. Na bado alitaka nyingine.

Kwenda kutembea tu, hivi hivi, kwa kushona kola za mashati? Thubutu! Njia ilikuwa moja. Mjomba alipoharibikiwa na figo, Balozi alifika wa kwanza, na sanduku lake tayari limefutwa vumbi. Mtoto wa jirani alipohitaji kupasuliwa jicho, alijitolea kabla hajaombwa. Akawa bingwa. Anajua mgonjwa avae viatu gani uwanjani, anajua nesi yupi wa kubembelezwa na yupi wa kukazia uso. "Huyu ana moyo, jamani," watu walisema, naye akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Kumbe mtu akikohoa mbele yake, la kwanza kumjia kichwani halikuwa pole. Alikuwa anajiuliza: hicho kikohozi kinatibika hapa, au hakitibiki?

Kisha akaugua mama.

Daktari wa pale nyumbani alimwita Balozi pembeni, kwenye korido inayonuka dawa ya kusafishia sakafu. Akamwambia taratibu kwamba uvimbe wa tumboni umeshasambaa, kisu hakitasaidia, si hapa wala kwingine kokote. "Mrudisheni nyumbani. Mpeni dawa ya maumivu, mkae naye."

Balozi alilia, na asisingiziwe, alilia kweli. Alimpenda mama yake. Akanawa uso kwenye sinki, akawafuata kaka na dada yake waliokuwa wakisubiri kwenye benchi, akafungua mdomo, na akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Kasema apelekwe nje. Haraka."

Dada mkubwa alimkazia macho. "Kasema hivyo?"

"Kwani mimi nimeanza leo kusindikiza wagonjwa?"

Nani angebisha? Kwa mambo ya hospitali na ndege, neno lake ndilo lilikuwa la mwisho.

Mama hakutaka. Alitaka kitanda chake, redio yake, na wajukuu wa kuwagombeza. Wanawe wakamzunguka, wakambembeleza wee, mwishowe akakubali, lakini kwa sharti, akalisema mbele ya wote huku kamshika Balozi mkono. "Nitakwenda. Ila wewe unayenichukua, unirudishe nikiwa hai. Sitaki kufia kwa watu ambao sijui hata kuwaamkia."

"Naapa, mama."

Daktari wa ugenini, kupitia mkalimani, alisema yale yale ya mwenzake wa nyumbani, karibu neno kwa neno. Balozi akajitia kushtuka. Mama hata shingo hakugeuza.

"Yule wa kwetu aliniambia," alisema mama mkalimani alipotoka. "Wewe ulikuwa umekwenda kulia."

"Mama! Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mwanangu, nawe ulishaanza kukunja nguo?" Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. "Haya, ndege umepanda. Sasa nirudishe."

Daktari alikubali asafiri, ila upesi, kabla hajazidiwa. Balozi akaenda ofisi ya shirika la ndege. Kulikuwa na viti vya kesho asubuhi, na vingine vya mwisho wa wiki. Msichana wa kaunta akasubiri.

Ng'ambo ya barabara, nje ya kioo, kulikuwa na bango la ziwa, lenye maji ya kijani, milima ya theluji, na treni nyekundu ikipita ukingoni. Safari zote zile alikuwa akilitazama bango hilo, na hakuwahi kupata siku nzima ya kwenda. Na mama akishakufa, atabaki nani wa kusindikizwa? Kwao wengine wote walikuwa wazima wa afya. Alifikiri hivyo, kwa maneno hayo hayo.

"Mwisho wa wiki," alisema.

Kwa mama alisema ndege ya kesho imejaa.

"Imejaa?"

"Pomoni, mama."

Mama akafumba macho. "Haya."

Kesho yake akaenda ziwani. Nalo, kwa bahati mbaya, lilikuwa zuri. Usitegemee kuambiwa kwamba alikaa ndani ya treni akitafunwa na majuto. Wapi! Alikaa dirishani, akala mkate, akatazama milima ikijipindua majini, na kwa saa kadhaa akasahau kabisa kwamba ana mama.

Alirudi wodini jioni na pakiti ya peremende. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka mpya, pembe zote zimekazwa. Ajuza wa kitanda cha pili alipomwona akaanza kusema kwa lugha yake, akaonyesha mlango, akaonyesha kitanda, akafuta macho. Halafu akanyoosha mkono pembeni, akaupapasa juu ya kiti cha mgeni, huku na huku, kama mtu anayetafuta mkono wa mwenzake. Alikuwa anamwonyesha mama alivyofanya.

Dada mkubwa alipopokea simu hakupiga kelele. Akasema, "Kaka aliangalia jana. Ndege ya leo asubuhi ilikuwa na viti. Saa hizi tungekuwa tumeshamlaza kitandani kwake. Ulikuwa wapi?"

Balozi akaitia pakiti ya peremende mfukoni.

"Na mimi je? Nilipolazwa, ulikuwa unaomba nichelewe kupona?"

"Dada, usiseme hivyo."

"Nijibu."

Balozi akakata simu, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

Mwisho wa wiki alifika uwanjani. Jeneza lilikuwa limeshapita mlango wa mizigo. Alijua yanayomngoja: hakuna atakayemwita Balozi tena, hakuna atakayemkabidhi mgonjwa, hata wa mafua. Ni yeye, cherehani na ukuta wa jirani hadi siku ya kufa kwake. Kijana wa kaunta akamuuliza kwa lugha ya kwao akae dirishani au kando ya njia, swali alilolielewa zamani. Alikuwa ameapa kukaa kando ya njia, ajifunike uso kama mfiwa yeyote mwenye adabu.

"Dirishani," alisema.

Ndege ikakimbia, ikatetemeka. Alikamata kiti kwa mikono yote miwili na kuuambia moyo wake, leo usiruke, tafadhali, leo tu, mama yuko hapo chini. Pua ikanyanyuka, nyumba zikaanza kupungua.

Ukaruka.