Koili Yenye Doa Jekundu

Shemeji alileta gari lake la kale gereji libadilishwe plagi. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Fundi alijifuta grisi, akaingia na kupiga stata ili asikilize injini. Ilipowaka, mume wa fundi, marehemu, akaonekana kiti cha nyuma, na lile shati alilokufa nalo.

"Za hapa?" akasema.

"Nzuri," fundi akajibu. Akazima, mume akatoweka. Akawasha, akarudi. Hapo hapakuwa na neno; wafu hufuata vitu vyao. Kilichomkata maini fundi ni kwamba hili halikuwa gari la mumewe.

Mumewe na shemeji, ndugu wawili, walinunua magari pacha, ya mwaka mmoja, spea za hili zikiingia kwenye lile bila kupigwa hata tupa. La mume lilizimika juu ya reli, na treni ikalikuta hapo. Lawama zote zikamwangukia fundi, maana koili ya kupeleka moto kwenye plagi aliifunga yeye, mpya kabisa, wiki hiyohiyo. Wateja wakamkimbia. Hata yeye alishaamini kwamba mkono wake ndio ulioua.

Akaacha injini ikinguruma, akafungua boneti. Koili ilikuwa na doa la rangi nyekundu. Alilipaka yeye, kwa kidole, kwenye koili ile mpya ya mumewe. Akainua kichwa.

"Shemeji, hii umeitoa wapi?"

Shemeji akakuna kisogo. "Yangu ilikuwa na ufa. Mimi nilikuwa na safari ndefu, yeye anafika sokoni tu na kurudi. Nikazibadilisha usiku. Ningemrudishia."

"Alijua?"

"Nilikuwa nimelala," mume akajibu kutoka nyuma.

Fundi akamgeukia mama mkwe. "Mama, umesikia?"

"Nasikia kila siku, mwanangu. Hunisimulia njiani. Mmoja nimeshamzika. Nikimpoteza na huyu, nani atanipeleka kliniki? Fanya kazi, tunachelewa."

Fundi angeweza kuing'oa ile koili. Lakini akiing'oa, mumewe angekaa wapi? Akafunga plagi mpya, akateremsha boneti taratibu.

Wakitoka, getini shemeji na mama mkwe walipishana na mteja mgeni ndani ya gari lake. Akauliza kama fundi wa humu anaaminika.

Mama mkwe akashusha kioo. "Mwanangu alimwamini, nikamzika," akasema.

Kutoka kiti cha nyuma, mume akampungia mkono. Mteja naye akampungia, kisha akageuza gari, akarudi alikotoka.