Mdhamini wa Meli ya Wadlow

Bwana Wadlow alimvutia kiti, na hapo ndipo machale yalipomcheza Mok Tinsau. Miaka tisa amemtumikia Mmarekani huyu pale Kantoni, bandari ya Uchina, akimtafutia wapishi, mboga na vibarua, na siku zote husimama. Leo anavutiwa kiti!

"Kaa, Mok, kaa. Mkeo hajambo?"

"Alishafariki, bwana. Huu mwaka wa pili."

"Lo, pole." Wadlow akamsogezea hati.

Mok aliijua. Meli ya mgeni haishushi hata gunia mpaka Mchina mmoja aidhamini kwamba haina afyuni. Ikikutwa nayo, meli hufukuzwa. Anayeadhibiwa ni mdhamini.

"Mzee Poon ndiye mdhamini wako, bwana. Yuko wapi?"

"Anaumwa."

Anaumwa! Asubuhi ile ile Mok alimwona Poon sokoni akichagua bata, mzima wa afya.

"Meli ilikaa siku kumi na moja Lintini, kisiwa cha magendo. Ilingoja nini?"

"Upepo."

"Upepo ulikuwepo, bwana. Nguo zangu ziling'oka kwenye kamba. Basi niruhusu nipande nitazame shehena, kisha nitie sahihi."

Wadlow aliweka kalamu chini taratibu. "Unanishuku mimi? Babu yangu amejenga kanisa kule Boston. Baba yangu amejenga shule. Nani amewahi kulitilia shaka jina letu?"

"Sijasema hivyo, bwana."

"Shemeji yako ameniomba kazi hii mara tatu. Yeye haniulizi habari za upepo."

Mok akaivuta hati. Kazi ikienda, na chumba cha nyuma ya jiko kinakwenda, na mabinti zake wawili wanalala humo. Alimtukana Wadlow moyoni matusi ya nguoni, akachovya brashi kwenye wino, akaandika jina lake. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Siku ya nne askari wa forodha walifumua magunia ya mchele, wakatoa masanduku saba ya afyuni. Nahodha alisema hajui kitu. Wadlow alisema amesikitika sana. Meli ikaamriwa kuondoka, ikaondoka imejaa chai.

"Mwenye mali ni yule pale!" Mok alipiga kelele wakimfunga.

"Yule mgeni," karani wa forodha alimjibu. "Wewe ndiye wetu."

Alichapwa, akavishwa shingoni ubao mpana wenye tundu la kupitisha kichwa, siku thelathini, akasimamishwa mbele ya mlango wa Wadlow ili wageni waone waogope. Mwenye ubao huo mikono yake haifiki kinywani. Humtegemea mtu wa kumlisha, na mabinti zake walifukuzwa na askari kila waliposogea.

Siku ya sita, adhuhuri, mlango ulifunguliwa. Wadlow alitoka na bakuli la uji wa mchele, amelibeba mwenyewe, na wageni wenzake wawili nyuma yake wakitazama kwa heshima. Alilitua juu ya ubao, shubiri moja kutoka kwenye midomo ya Mok.

"Sina kinyongo nawe, Mok. Kula."

Mvuke ulimpanda puani. Mok akanyoosha ulimi. Haukufika. Askari mmoja akaangua kicheko.

Wadlow alibaki amesimama, kofia mkononi, akingoja. Mabinti walikuwa bado wanalala nyuma ya jiko lake.

"Ahsante, bwana," Mok akasema.