Ngoma Inayokimbia

Msusi hakuwahi kukubali kwamba ngoma yake inakimbia. Ila simu haina haya, ikamwambia mbele ya wateja wake.

Yeye, mpiga ngoma, na wenzake wawili wa saluni walikuwa wamerekodi wimbo wao wenyewe, mumo humo kati ya viti na mataulo, bila studio wala meneja. Binti wa kaka yake, mtengenezaji wa michezo ya simu, akautia kwenye mchezo wake mpya: vidoti vinashuka, nawe unagusa kioo kila ngoma inapolia. Ukikosa vitatu, umekwisha.

Wote waliocheza walikwisha palepale, ubeti wa pili.

"Shangazi, hapa unaongeza mwendo, vidole vya watu vinabaki nyuma," binti akasema kwa upole. "Kompyuta iinyooshe ngoma, au niutoe wimbo."

"Ngoma yangu si shati, mwanangu. Hainyooshwi!"

Wakapatana: akipatikana hata mmoja wa kuumaliza kabla saluni haijafungwa, wimbo ubaki ulivyo. Wateja wakajaribu, nywele zikiwa nusu zimesukwa. Wapi! Msusi akainyakua simu ajaribu mwenyewe, naye akakwama ubeti wa pili. Saluni nzima ilicheka mpaka machozi. Yeye pia alicheka, ingawa moyoni alikwishaanza kuuaga wimbo wake.

Ndipo mumewe, fundi baiskeli, akaja kumchukua. Mwanamume huyu harusini hucheza kama anayekanyaga makaa, na miaka yote ya mazoezi ya mkewe nyumbani hajawahi kusifu chochote. Hukaa tu na gazeti lake. Jambo hilo lilimuuma msusi kuliko alivyowahi kusema.

"Mpe na huyu, tumalizie kicheko," akasema.

Fundi akafuta grisi mikononi, akaishika simu. Ubeti wa pili ulipofika, kidole chake kikakimbia ngoma ilipokimbia, kikatulia ilipotulia. Wimbo ukaisha, kioo kikawaka rangi zote.

"Umejuaje, mjomba?" binti akashangaa.

"Si ndipo anapofurahi? Huvuta pumzi kidogo, halafu huyoo! Mimi hapo hujificha nyuma ya gazeti, asinione ninavyotabasamu."

"Mcheza kwao hutunzwa!" mteja mmoja akapiga kelele, na vigelegele vikafuata.

Msusi alimkalisha mumewe kwenye kiti cha wateja, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili na kutangaza kwamba leo anamsuka bure, ingawa kilikuwa na upara mtupu.